Picha Zote na Magesa

Naanza kwa kukiri ili mcheke mapema tumalizane: ni mimi. Yule mkwe wa Butiama ambaye habari zake zimezunguka kuanzia Nyasho mpaka Bunda ndiye mimi, Magesa wa Nyakato, na yote mliyosikia ni kweli, isipokuwa ile sehemu ya kwamba nilitoroka kupitia dirishani (madirisha ya nyumba ile yana nondo, nilijaribu kuyaangalia). Nasimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusimuliwa.

Kazi yangu ni kuandika makala. Sijaajiriwa, mimi ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake ukiugua unajitegemea, bando likiisha unajitegemea, na jarida linalokupa kazi nalo linakutegemea wewe kwa kila kitu. Mhariri wangu yuko Dar, dada mmoja mstaarabu sana kwenye meseji, hajawahi kuniandikia bila kuniita "mpendwa", na nimegundua kwamba kadiri neno "mpendwa" linavyokaa karibu na mwanzo wa meseji ndivyo unavyokaribia kufanya kazi ya bure.

Nilimtumia makala ya akina mama wa ufukweni Bunda walioacha kuanika dagaa mchangani wakaanza kuwaanika kwenye vichanja, makala niliyoihangaikia wiki mbili nzima. Akajibu: "Mpendwa Magesa, makala tamu sana. Tutumie na picha saba zenye ubora. Watu wawe kazini, na wasitazame kamera."

Nikamuuliza kwa adabu zangu zote kama hizo picha saba zina malipo yake.

"Picha ni sehemu ya makala, mpendwa," akaandika. "Na zitakujengea jina."

Jina. Mimi jina ninalo, nilipewa na bibi yangu, na halijawahi kununua hata nyanya. Lakini badala ya kukataa nikajiona mjanja. Nikamwambia sawa, kama hamlipi, basi chini ya kila picha liandikwe jina langu, kila moja, isirukwe hata moja. Akakubali haraka sana. Mtu akikubali sharti lako haraka hivyo ujue umemuuzia mbuzi kwa bei ya kuku, ila mimi siku ile nilijipongeza kwa soda.

Nikaenda Nyasho kwa Deo, ambaye ana studio na ndiye anayetupigaga picha za harusi na kipaimara, nikamweleza kwamba kuna kazi ndogo Bunda, na malipo yake ni kujulikana.

Deo akaendelea kufuta kamera. "Magesa, mwenye nyumba wangu ananijua tayari," akasema. "Ananijua mpaka namkimbia. Nilipe kama watu wengine wanavyonilipaga."

Nikaona ana roho mbaya. Nikaondoka na simu yangu, ile yenye ufa wa kutoka kona hadi kona, nikajisemea kwamba picha ni kubonyeza tu.

Hapa inabidi niwaeleze jambo lingine lililokuwa linaendelea, maana bila hilo mkasa huu ungekuwa ni wa dagaa. Nilikuwa naoa. Neema, fundi cherehani wa pale Nyasho, alikuwa ameshanikubali, barua ilikuwa imeshapokelewa kwao Butiama, na Jumamosi ya wiki ile ile tulikuwa tunakwenda kukaa na wazee wake kuzungumza ng'ombe wa mahari. Miaka mitatu nilikuwa naisubiri Jumamosi hiyo. Na wakwe wa kwetu mnawajua: mama mkwe humpi mkono, humkodolei macho, mkikutana njiani mmoja anapisha pembeni na mwingine anatazama miti. Mara mbili nilizofika kwao nilitazama sakafu kwa bidii kiasi kwamba ningeweza kuwachorea nyufa zake, lakini sura ya mama yake Neema ungeniuliza nisingejua kukueleza.

Basi Jumatano nikafika Bunda, nikachukua bodaboda mpaka kijijini, nikamsalimia mwenyekiti wa kile kikundi, akaniruhusu, na akina mama wakaambiwa kaka wa makala amerudi na leo anapiga picha. Nikawatangazia masharti ya Dar kama vile nimeyatunga mimi.

"Akina mama zangu, fanyeni kazi kama kawaida. Mtu asinitazame."

Unamwambia mtu asikutazame, atafanya nini? Kila nikiinua simu, ishirini wananikodolea macho, wengine wanarekebisha vilemba, mmoja ameshika dagaa mmoja mkononi anatabasamu kama anamchumbia. Nilipiga nikafuta, nikapiga nikafuta, jua linawaka, chaji inashuka.

Ndipo nikamwona mkombozi wangu. Kichanja cha mwisho kabisa, karibu na mawe, mama mmoja mnene wa wastani, kitenge cha njano chenye vikombe vya bluu, aliniona tu nikitokea akageuka ghafla akanipa mgongo, akainama juu ya dagaa kana kwamba amedondosha hereni. Hakunitazama hata mara moja. Nikasema moyoni, huyu ndiye anayeielewa kazi.

Nikamsogelea. Akahamia upande wa pili wa kichanja, mgongo kwangu. Nikazunguka. Naye akazunguka, akainama tena. (Sasa hivi mnaonaje? Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimhesabia kuwa ana kipaji.)

"Mama wa kitenge cha njano, hapo hapo, usigeuke!" nikapaza sauti, ufukwe mzima unasikia. "Inama kidogo tena, mama yangu. Kidogo tena. Safi kabisa."

Wenzake wakakaa kimya kwa namna ambayo niliitafsiri kuwa ni heshima kwa taaluma. Nikampiga kumi na nne. Kwenye kioo changu chenye ufa zilionekana ndogo lakini za kazini kweli kweli, nikazituma saba na ile ya kuinama sana nikaiweka ya kwanza.

Ijumaa makala ikatoka. Ile ya kuinama ilikuwa imewekwa juu kabisa, pana, imejaa ukurasa, kitenge cha njano kimetanda pale kama turubai la msiba, na chini yake herufi ndogo: Picha na Magesa. Nikaituma kwenye makundi yote niliyonayo, la kwaya, la Nyakato, la tuliosoma wote, na watu wakaisambaza kwa moyo ambao hawajawahi kuuonyesha kwa makala zangu. Nikajua jina linajengeka.

Jumamosi tukafika Butiama saa nne asubuhi, mimi, baba yangu mdogo, na mshenga wetu Mzee Wambura, mwalimu mstaafu wa Makoko ambaye aliniagiza njia nzima jambo moja tu: "Wewe utanyamaza. Bwana harusi huwa haongei. Ukiulizwa, mimi ndiye mdomo wako."

Tukakaribishwa sebuleni. Upande wa pili walikaa baba yake Neema, wazee wawili wa ukoo, na mjomba wake, Mzee Masatu, mdogo wake mama mkwe, mfanyabiashara wa Bunda mjini mwenye sauti ya mnadani. Mama mkwe mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, anasikia bila kuonekana, kama ilivyo desturi. Neema alikuwa huko huko naye. Maziwa ya mgando yakanywewa, sala ikasaliwa, Mzee Wambura akakohoa kuanza.

"Kabla ya ng'ombe," mjomba Masatu akamkatisha, "sisi humu ndani tuna msiba mdogo. Dada yangu alikwenda kumsaidia dada yetu mkubwa kule ziwani, huu msimu wa dagaa. Kuna mhuni amekwenda kule akampiga picha akiwa ameinama, kwa nyuma. Kwa nyuma, wazee. Bunda nzima inayo. Mimi nimetumiwa na mteja wangu."

Mkoa mzima wa Mara una wapiga picha, na dagaa wanaanikwa kila mahali, sasa kwa nini mimi nifikirie mabaya? Nilichofikiria ni kwamba hapa pana nafasi ya kuonekana mkwe mwenye uchungu na familia. Mzee Wambura alinibana paja. Nikalitoa paja nikasimama.

"Wazee wangu, samahani niseme, maana mimi ni mtu wa hizo kazi. Mtu anayempiga mama wa watu picha ya namna hiyo hana malezi. Kwao hawakumfunza. Huyo atafutwe, alete faini mbele ya ukoo."

"Faini gani, kwa mfano?" akauliza baba mkwe, mtu mpole.

"Isipungue mbuzi," nikasema. "Na blanketi la kumfunika mama aibu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akasema huyu kijana amelelewa, na mimi nikakaa taratibu, nimejaa.

"Basi vizuri kwamba wewe ni mtu wa hizo kazi," mjomba akasema huku anatoa simu, bonge la simu, haina ufa hata mmoja. "Miwani nimeiacha dukani. Hapa chini kuna maandishi madogo. Tusomee, huyo mhuni ni nani."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kwa kuwa ilikuwa kubwa, nilianza kuiona kabla haijanifikia. Njano. Halafu vikombe vya bluu, kimoja kimoja, ningeweza kuvihesabu.

"Si ndicho kile kitenge mlichotuletea wenyewe siku ya barua?" mzee mmoja akaniuliza. Alikichagua Neema, mimi nilibeba mfuko tu. Sikuwahi hata kukifungua.

Simu ikanifikia. Hapo, ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kuwa mwanaume, nikasema wazee ni mimi, nisameheni, sikujua. Nilimfikiria Neema nyuma ya lile pazia, nikafikiria miaka yote mitatu, nikaona inaondoka kwa ajili ya vichanja. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji:

"Pameandikwa... picha kwa hisani ya mtandao."

Mjomba akatukana mtandao. Baba yangu mdogo akapumua. Nikadhani nimepona.

"Hapajaandikwa hivyo."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, ya upole, na sebule nzima ikageuka, mimi nikarudi kwenye sakafu yangu niliyoizoea.

"Pameandikwa Magesa," mama mkwe akasema. "Nami sikuhitaji kusoma, nilimwona kwa macho yangu. Alipotokea tu pale ufukweni nikasema jamani, mkwe wangu huyo, nitajificha wapi? Hakuna pa kujificha, ni mchanga mtupu. Nikamgeuzia mgongo kwa heshima. Heshima yenyewe ndiyo akaipiga picha. Nikihama, ananifuata. Ananiambia inama tena, mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi mtu angecheka. Baba mkwe alivua kofia akaitazama ndani. Mzee Wambura, mdomo wangu, alikuwa ameugeukia ukuta.

"Na juzi nilinyamaza," mama akaendelea, "nikasema mtoto wa watu hakunitambua, atakuja aombe radhi yaishe. Ningemtetea. Sasa amekuja ananisomea uongo nyumbani kwangu."

Hiyo ndiyo iliyoniuma, na inaniuma mpaka leo. Ya picha alikuwa ameshanisamehe kabla sijafika.

Ng'ombe hawakuzungumzwa. Tuliambiwa turudi baada ya mwezi, na faini isiwe ile niliyoipanga peke yake, bali na nyongeza moja kutoka kwa mama mwenyewe. Tulipokuwa tunaondoka Neema alitusindikiza mpaka getini, akawaaga wazee vizuri, mimi akaniambia: "Ulijua kumwambia inama, ukashindwa kusema samahani." Akarudi ndani. Simu yangu ikalia. Ni Dar: "Mpendwa Magesa! Picha ya juu imependwa mno. Nasikia unaoa huko kijijini, hongera. Tuandikie kidogo kuhusu mila za ukweni, na picha saba."

Mwezi ulipofika nilirudi Butiama na mbuzi, blanketi, na ile nyongeza. Nilisema samahani nikiwa nimesimama, bila mdomo wa kukodi, nikielekea pazia, na nyuma ya pazia mama akasema, "Haya, mbuzi ameingia, mtoto naye aingie." Hapo ndipo ng'ombe walipozungumzwa.

Nyongeza yenyewe ilikuwa hivi: mama alitaka zile picha zake zote zitolewe, iwekwe nyingine, ya mbele, amekaa kwenye kiti na kitenge chake kimenyooshwa, tena ipigwe na mtu wa kazi hiyo, mtu wa kulipwa. Basi nikampakia Deo na kamera yake kutoka Nyasho, nauli juu yangu, chakula juu yangu, na bei aliyonitajia ilikuwa ya juu kuliko ya kwanza, nami sikuwa na ubavu wa kubishana. Wakati anapiga, mimi nilikaa nyuma ya nyumba natazama migomba. Nikaituma Dar nikasema zile za kwanza zote ziondolewe. Mhariri akaziondoa, akaipenda hii, akauliza kama mpiga picha angetaka chochote.

Nikamjibu kwamba ameshalipwa, na chini yake liandikwe jina lake, langu lisionekane popote. Tangu siku hiyo mtu akiniomba makala namwandikia makala, na akiniita mpendwa akauliza picha ziko wapi, namtumia namba ya Deo.