Kamera Mbili za Mama Picha

Katika ukumbi wa mtaa wetu wa Kamezuka, mashariki mwa Tokyo, ukuta mzima umejaa picha za tamasha la Mei. Kila mwaka una picha yake: wanaume wa mtaa wamebeba mabegani hekalu letu la kubebwa, mikoshi, ambamo mungu wa mtaa hupanda siku hiyo, lenye paa jeusi na ndege wa dhahabu juu, jasho linawatiririka na midomo iko wazi. Karibu picha zote hizo zimepigwa na mtu mmoja, Mineko Okabayashi, mwenye studio iliyobanwa kati ya njia ya reli na duka la mchele. Wakubwa kwa wadogo humwita Mama Picha.

Umtafute ukutani pale mpaka macho yakuume, humpati. Mpiga picha hayumo katika picha zake, hilo linaeleweka. Lakini kulikuwa na sababu ya pili. Wanawake wa Kamezuka hawakuruhusiwa kubeba hekalu kubwa. Walipewa lile dogo la watoto, kisha wakaambiwa washukuru.

Nasema bila kumung'unya maneno: ile ilikuwa dhuluma, na kuiita mila hakukuipunguzia uzito. Mungu wa mtaa hakuwahi kutamka bega la nani ni safi na la nani ni chafu. Waliotamka ni wanaume waliokaa mkekani wakinywa, huku wake zao wakikaanga samaki jikoni.

Kilichofungua mlango hakikuwa haki. Kilikuwa uhaba. Baada ya miaka ya korona tamasha lilirudi, lakini mabega hayakurudi. Kuna waliokufa, kuna waliohama, na waliobaki walikuja na migongo iliyofungwa mikanda ya dawa. Mwenyekiti wa mtaa, Dobashi muuza mchele, aliitisha mkutano. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa kooni, kwamba mwaka huu wanawake watabeba, la sivyo hekalu litapakiwa kwenye lori.

"Lori?" Tokuji aliruka. Huyu ni mume wa Mama Picha, fundi bomba mstaafu, aliyebeba tangu ujana wake hadi bega lake la kulia likaota sugu kama kisigino. "Afadhali tumfungie mungu ndani kuliko kumpandisha lori kama friji!"

"Basi leta bega," Dobashi akamjibu. "Bega tunajua unalo. Goti je?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Goti la kushoto la Tokuji lilikuwa limekwisha kazi. Alikuwa akitembea kama mtu anayekanyaga mayai. Uso ukamwiva.

Ndipo mkono ukainuka upande wa nyuma, karibu na mlango wa jikoni. "Bega lipo," alisema Mama Picha. "Langu."

Siku chache baadaye nilikwenda studioni kupiga picha ya pasipoti, nikawakuta wawili hao katikati ya mabishano. Kamera mbili zilikuwa mezani.

"Nataka picha moja, Baba Chiho," Mama Picha alikuwa anasema. Chiho ni binti yao, aliolewa mbali kaskazini. "Moja tu. Mimi chini ya hekalu, itundikwe kule ukutani. Nimewapiga ninyi maisha yangu yote. Safari hii wewe unipige mimi."

"Nitakupiga. Nipe hiyo nyeusi."

"Ngoja kwanza uzijue." Akainua ile ndogo, ya rangi ya fedha, inayotoshana na kipande cha sabuni. "Huyu ni Mtoto. Ukimwasha, pua inatoka yenyewe na kope linafunguka lenyewe. Anavuta mbali, nyuso za watu anazitafuta mwenyewe. Wewe kazi yako kubonyeza."

"Kasoro yake?"

"Jua likiwa kali, kwenye kioo chake cha nyuma huoni kitu ila pua yako. Na ukimbonyeza anafikiri kwanza, kama wewe ukiitwa kuosha vyombo."

Nilicheka. Tokuji akanitolea jicho, nikaacha.

Mama Picha akaishika ile nyingine kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeusi, ya mabega ya mraba, kama kamera za baba zetu, ingawa ndani hakuna filamu. Ni ya kidijitali vilevile. "Huyu ni Mzee. Kidirisha chake cha kuchungulia hakiko katikati, kiko huku pembeni kushoto. Unaweka jicho la kulia, la kushoto linabaki huru. Na ndani ya kidirisha unaona mistari ya mwanga. Kilicho ndani ya mistari kitaingia kwenye picha. Lakini nje ya mistari unaendelea kuona nani anakuja, nini kinakaribia. Mtoto anakuonyesha picha tu. Mzee anakuonyesha mtaa, na picha iko ndani ya mtaa."

"Huyo ndiye wangu," alisema Tokuji.

"Mzee ana masharti! Havuti mbali. Ukitaka karibu, unatembea." Akalitazama lile goti. "Tena kidirisha si lensi. Kila kimoja kina jicho lake. Hilo usilisahau. Mchukue Mtoto, nakuomba."

"Mama Chiho, nimebeba mungu mabegani, nitashindwa na kijisanduku? Unataka watu wanione barabarani na kidude cha watoto wa shule?"

Mama Picha alivuta pumzi, akamvisha Mzee shingoni. Naye Mtoto akamtia katika mfuko wa kifuani wa vazi lake mwenyewe la tamasha, maana chini ya mti wa kubebea hekalu hakuna kinachoruhusiwa kuning'inia, si mkanda, si saa, si hereni.

Jumapili ya tamasha jua liliwaka mapema. Tuliinua hekalu kwa kelele za "Soiya! Soiya!" na miti minene ikatukalia mabegani. Mama Picha alikuwa mbele kushoto, mimi nyuma yake, Dobashi ubavuni pake. Mama Picha ni mfupi, akalazimika kwenda kwa ncha za vidole ili bega lifike.

"Mama Picha, unabeba au umening'inia?" mtu akapiga kelele kutoka upande wa pili.

"Lete bega lako chini ya langu ndipo uulize!"

"Ah! Huyu ana ulimi wa mbebaji tayari!"

Tokuji alikuwa mbele yetu akirudi kinyumenyume, anachechemea, Mzee yuko jichoni. Alipiga kwa madaha. Aliinama, akasimama, akafunga jicho moja kama mwindaji. Kila alipobonyeza, Mama Picha alijinyoosha kidogo zaidi. Niliuona mgongo wake. Ulikuwa mgongo wa mtu anayejua anaonekana.

Tulipumzika mbele ya duka la dobi, Ushijima. Hekalu likawekwa juu ya vigoda vyake, yakaletwa matonge ya wali na chai baridi ya shayiri. Mama Picha hakugusa tonge. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, bega limevimba.

"Lete nione."

Akampa kamera kwa majivuno. Mama Picha akaigeuza, akaitazama usoni.

"Baba Chiho."

"Naam."

"Hiki nini?"

Kifuniko cheusi kilikuwa bado kimefunika lensi. Kidirisha kinaona kwa jicho lake, hakijali kama lensi imezibwa, na kioo cha nyuma Tokuji alikizima ili kuokoa betri. Tangu uani kwa mungu, tulikoanzia, hadi kwa dobi alikuwa amepiga giza.

Watu walivunjika mbavu. "Tokuji kapiga picha za usiku!" "Hapana, kapiga roho ya mungu, haionekani kwa macho!" Hata Dobashi alimwaga chai yake.

Mama Picha hakucheka. Alimtoa Mtoto mfukoni, akamnyooshea mumewe. Kope la kamera ile hufunguka lenyewe; hata mlevi hawezi kulisahau.

Ushijima dobi alitaka kumwokoa rafiki yake. "Tokuji, panda kwangu ghorofani. Ukiwa dirishani utawaona wote, goti litapumzika, na hako kadogo si kanavuta mbali?"

Vicheko vikakatika. Kwetu hekalu likipita hakuna anayelitazama kutoka juu. Mapazia ya ghorofani hufungwa, na nina jirani ambaye humteremsha hata paka wake. Ushijima alijua hilo tangu utotoni; huruma ndiyo iliyomponza. Akajifunika mdomo kwa taulo.

Tokuji alilitazama dirisha lile, kisha akamtazama mkewe. "Nimtazame mungu utosini?" akasema polepole. "Na huyu je? Leo ndiyo siku ya kumtazama huyu utosini?"

Akakivua kifuniko cha Mzee, akakitia kiganjani mwa mkewe. "Kaa nacho. Na Mtoto kaa naye."

"Imebaki njia ya kurudi tu, Baba Chiho. Ukikosa tena hakuna nyingine."

"Nikikosa nitalala studioni."

"Ukikosa utahamia studioni."

Njia ya kurudi uani kwa mungu hupita kichochoroni, penye nguzo ya umeme iliyochomoza barabarani kama mtu mkaidi. Tulifika pale tumekwisha. Sauti zilikuwa zimekauka, hatua zimepishana, na upande wa kushoto ukaanza kuzama. Wabebaji wanaijua hali hiyo na kuiogopa: bega moja likilegea, uzito unahamia kwa jirani, naye akilegea, mungu mzima analala juu ya watu. Nilihisi mti unashuka. Mbele yangu shingo ya Mama Picha ilikuwa inatetemeka.

Tokuji alikuwa hatua chache mbele yetu, kinyumenyume, jicho la kulia kidirishani, la kushoto wazi. Alitusimulia baadaye alichokiona. Ndani ya mistari ya mwanga ulikuwa uso wa mkewe, uko sawasawa, picha aliyoombwa. Nje ya mistari ilikuwa nguzo, na kona ya hekalu inaielekea. Angenyamaza kidogo tu angeipata picha yake safi, na pengine mtu angevunjika mfupa wa bega.

Hakunyamaza.

"Kushoto, inueni!" Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya wakati alipokuwa akiongoza hekalu. "Mineko! Inua!"

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina mbele za watu. Mama Picha aliinua kichwa kuifuata sauti, akaachama, akasukuma kwa mwili wote kuanzia vidoleni. Mimi nikasukuma nyuma yake, Dobashi ubavuni, na mti ukapanda. Hekalu likasimama wima, likapita kando ya nguzo kwa nafasi isiyoingiza taulo.

Tulipolitua uani kwa mungu na kupiga makofi ya kufunga, Mama Picha alikwenda kwa mumewe, mkono wake wa kulia umekataa kuinuka.

"Umepiga?"

"Sijui," alisema Tokuji. Hakuwa na madaha tena. "Nilikuwa napiga kelele."

Akamwashia kioo cha nyuma. Tulisongamana. Baada ya picha zote nyeusi zilifuata chache za migongo na viwiko, na mwisho kabisa ilikuwepo moja. Imelala upande. Nguzo imekula kona, kiwiko cha Dobashi kimekula sikio la Mama Picha. Lakini uso wake uko katikati, mishipa ya shingo imesimama, mdomo wazi kuliko wa mwanamume yeyote ukutani kwetu, na macho yanatazama moja kwa moja kwa anayemtazama.

Mama Picha aliisogeza karibu na macho yake.

"Mtoto angekuwa bado anafikiri," akasema. "Na kwa kioo chake usingeiona nguzo." Kisha akamtoa Mtoto huyohuyo mfukoni kwa mkono wa kushoto, akamwasha kwa kidole gumba, akampiga picha mumewe hapo hapo, anachuruzika jasho na machozi. "Lakini Mzee kwa mkono mmoja simwezi. Kila mtu na kazi yake."

"Futa hiyo!" Tokuji alifoka. "Nalia!"

"Sifuti."

Jioni wabebaji walikaa mkekani kama kawaida. Mama Picha alisimama kidogo karibu na mlango wa jikoni, mahali pake pa miaka yote. Dobashi akagonga mkeka kwa kiganja. "Wabebaji wanakaa huku. Au unataka nikubebe na wewe?" Akaketi. Mwenyekiti akammiminia pombe ya mchele kwa mikono miwili, kama inavyomiminwa kwa mtu wa heshima, na wanaume wawili wakaondoka bila kuambiwa kwenda kukaanga samaki. Waliwaunguza. Tuliwala hivyohivyo, na sijapata kula samaki watamu kuliko wale.

"Picha ya ukutani mwaka huu," Dobashi alisema kamera ilipomfikia, "imelala upande. Na kiwiko changu kimeharibu."

"Kiwiko chako kimebahatika," Tokuji akamjibu.

Ilitundikwa hivyo ilivyo. Mama Picha alikataa inyooshwe. Tangu mwaka ule nusu ya mabega yetu ni ya wanawake, na habari za lori hakuna anayezitaja. Wageni wakiingia ukumbini huuliza kwanza mwanamke yule ni nani, kisha nani aliyempiga. Tokuji hujikalisha karibu na picha, anajifanya anasoma gazeti, akilingoja swali la pili.