Bia Aliyoikumbuka Nyogokuru

Nilifika Goma juu ya magunia ya mchele. Lori lilitoka Kisangani, likapita misitu ya Beni, likapanda Butembo, na kwenye kona za Kabasha tulishuka sote tukatembea nyuma yake, maana dereva alisema hapendi kufa na watu wengi. Baada ya Rutshuru ardhi ikageuka nyeusi, mawe ya volkano kila upande, na mwisho wake ziwa. Nilikuwa kijana wa sekondari, cheti mfukoni, nikitafuta ukarani bandarini. Sikuupata. Kilichonipata ni harufu ya nafaka inayokaangwa, iliyonivuta kutoka mtaa wa Birere hadi uani kwa Papa Yakobo, mtaa wa Murara.

Vijana wa leo huiona bia ikishuka kwenye kreti, wakadhani inazaliwa na kizibo chake. Sisi tuliipika watu watatu: Papa Yakobo, dada yake Mama Lidia, na mimi. Ndugu hao walizaliwa Kisenyi, ng'ambo tu ya mpaka. Baba yao alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, fundi uashi wa ukoo wa wapika bia. Vita vya kwanza vya dunia vilimwondoa, hakurudi. Aliacha sufuria kubwa ya shaba, ambayo mama yao aliizika shambani mpaka askari wapite, na sheria moja: bia ni shayiri, hopsi na maji, anayeongeza kingine anapika uji.

Siku ya kwanza Papa Yakobo hakutazama cheti changu.

"Unajua kungoja?" aliniuliza.

Nikasema najua.

"Basi kaa pale, ungoje."

Nikakaa juu ya pipa asubuhi nzima. Mchana Mama Lidia akapita na ungo kichwani. "Kaka, huyu umemwajiri ama umemwanika?"

Mama Lidia ndiye aliyekuwa patron, yaani mkuu, wa moto. Tuliloweka shayiri hadi ikaota, ndicho kimea, naye akakikausha na kukikaanga, akitafuna punje kujua kama imeiva. Papa Yakobo alikuwa patron wa pipa. Alipika kimea, akachuja machicha, akachemsha ule mchuzi na hopsi, maua makavu machungu yaliyotujia kwa posta kutoka Ulaya. Bia ikishaumuka, pipa lilishushwa pangoni chini ya jiko, kwenye baridi ya mawe. Tulitanguliza taa kwanza; ikizimika, ujue mazuku, ile hewa mbaya ya mashimo ya Goma, imelala humo. Bia ilikaa pangoni wiki baada ya wiki. Papa Yakobo alikuwa akisema Mdachi haamshi bia, anaingoja iamke yenyewe.

Tulikuwa tunatafuta bia ya baba yao, na mutu mmoja tu ndiye aliyewahi kuionja: mama yao, ambaye sote tulimwita Nyogokuru, yaani bibi. Papa Yakobo aliapa hatauza hata chupa moja kabla mama hajaitambua. Na mama alikuwa anazeeka. Macho yalishapungua; tuliogopa ulimi nao utafuata.

Bia ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya maji ya mvua, ikang'aa kama kioo. Nyogokuru akanywa, akarudisha glasi kwa adabu. "Ni nzuri. Lakini haiko hii." Majirani waliimaliza wakicheza hadi jioni, na hakuna aliyesikitika isipokuwa mpishi. Ya pili alisema inafaa kuoshea miguu.

Kisha kiangazi kikakausha tangi la mvua. Mama Lidia akasema tuchote ziwani. Kaka yake akakataa kabisa, kwamba maji yale yana ladha ya magadi na yanaharibu hata chai. Waligombana kutoka jikoni hadi langoni. Mama Lidia alishikilia kwamba maji makali yanataka kimea kikali, akakikaanga hadi kikawa na rangi ya kahawa. Papa Yakobo akajibu kwamba hiyo ni bia ya dada yake, yeye haigusi, na mama akiikataa, sufuria itauzwa. Mnunuzi wa Birere alishakuja kuigonga kwa kidole.

Nilichota maji pamoja na wanawake wa Mabanga, walionicheka kwa jinsi nilivyobeba debe. Tukapika, tukangoja.

Tulifungua pipa Jumapili baada ya kanisa, uwanja umejaa. Bia ilitoka nyeusi, povu la kahawia. Nyogokuru hakunyoosha mkono. Kwao aliyepika huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Mama Lidia akaonja. Mama yao bado alikuwa amemgeukia Papa Yakobo.

"Na wewe, Yakobo."

"Nilisema siigusi, mama."

"Basi hata mimi."

Mama Lidia akamsogezea kaka yake glasi. "Kunywa, kaka. Ukikufa tutakuzika karibu na pipa."

Akanywa. Akanywa tena, na safari hii hakuna aliyemsukuma. Ndipo Nyogokuru akapokea, akafumba macho, akakaa nayo mdomoni. Tukasikia anacheka kama msichana.

"Njo hii. Ndiyo yenyewe. Baba yenu alikuwa anachota maji pale ziwani asubuhi, miguu wazi, anaimba vibaya."

Papa Yakobo akashika kichwa. "Mama, ulijua ni maji ya ziwa?"

"Muliniuliza bia. Maji hamukuniuliza."

Tuliuza bia nyeusi Birere miaka kadhaa, na ile sufuria haikupata kupoa. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Miguu yangu haijawahi kukaa mahali. Leo nimepita sabini, kazi ya bia nimeiacha, na katika kila mji niliopita nimeonja, nikarudisha glasi kwa adabu.

Siku niliyoondoka, Papa Yakobo alinisindikiza hadi bandarini akilalamika kwamba sikuwahi kujua kungoja. Mama Lidia akanitia chupa chini ya kwapa. Meli ya Bukavu ilipoacha gati, abiria wa karibu yangu, muzee wa Masisi, akaitazama ile chupa kwa muda. Nikaifungua, nikampa. Hakuipokea. Alikuwa ananitazama tu, anangoja.

Nikaonja kwanza, kisha nikampitishia.