Mchanga wa Kukaangia

Mchanga mkavu ukikorogwa ndani ya chungu cha moto hutoa mlio wa chini, shaaa, shaaa, kama jirani anayefagia uwanja wake bila haraka. Mlio huo kwangu ndio Kibirizi, pwani yetu ya wavuvi kando ya ziwa. Mama alikuwa akianika na kuuza dagaa, na mafuta ya kupikia nyumbani kwetu hayakuwa ya kuchezea, kwa hiyo mahindi na karanga tulivikaanga kwa mchanga wa ziwa. Mchanga huivisha punje pande zote bila kuziunguza, kisha unachekechwa na kurudishwa ndooni. Mahindi yalilowekwa usiku kucha katika maji ya chumvi na kuanikwa juani, ili yakikaangwa yawe laini. Karanga zilitoka Simbo. Ufuta ulifuata, na mwisho kabisa asali ya Kidahwe iliyopashwa moto na tone la mawese, vyote vikachanganywa na kutandazwa kwenye sinia hadi vishikane. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilikuwa kopo la maziwa ya unga.

Kiangazi ninachokikumbuka ni kile ambacho dada yangu Mwajuma alichaguliwa kwenda kidato cha tano, Tabora. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilimpenda kwa wivu. Yeye ndiye aliyeniogesha, aliyenifundisha kusoma, na aliyenisuka kila Jumamosi. Mama alisema mkono mtupu haulambwi, mtoto hawezi kuingia bweni la watu bila chochote cha kuwagawia wenzake. Biskuti hatukuziweza. Basi siku moja kabla ya safari nikapewa ndoo nikalete mchanga mpya, na Mama akanisisitizia niuchote kule mbali, penye mawe, ambako hakuna anayeanika kitu. Mwajuma akaniambia nikirudi atanisuka mtindo wa twende kilioni, mistari myembamba, idumu mpaka nizoee kutokuwepo kwake.

Kwenda kwenye mawe na kurudi ni mwendo wa saa nzima. Nami nilitaka saa ile niwe nimekaa katikati ya magoti yake. Nikazunguka nyuma ya vichanja, nikachota mchanga palepale pwani ambapo dagaa walikuwa wameanuliwa asubuhi. Ulikuwa mweupe, mkavu, haukuwa na dosari. Nikakaa kidogo ili nisirudi mapema mno, kisha nikaenda zangu nyumbani nikijiona mjanja.

Mwajuma alikuwa amefika mstari wa nne wakati chungu kilipopata moto. Harufu ilipanda, lakini Kibirizi nani atashtuka kwa harufu ya dagaa? Pua zetu zilikwishazoea. Ni mpaka Mama alipotia punje mdomoni ndipo mwiko ukasimama.

"We Zena, mchanga huu umeutoa wapi?"

"Kule mbele, Mama."

"Kule mbele wapi? Mahindi yote yananuka dagaa! Unataka mwenzio achekwe bwenini?"

Nilisubiri kofi, na ningelipokea kwa furaha kuliko kilichofuata. Mwajuma aliniinua taratibu, akafuta mikono kwenye kanga. "Usimpige, Mama. Ngoja niende mwenyewe," akasema, akabeba ndoo. Nikataka kumfuata. Mama akaniamuru nikae pale pale mkekani.

Aliporudi jua lilikuwa limeelekea Kongo. Mahindi ya kwanza walipewa kuku, ikabidi yakaangwe yale ya makande, ambayo hayakuwa yamelowekwa. Wakakaanga, wakachekecha, wakafunga sanduku, na hakuna aliyekumbuka kichwa changu. Nikasinzia mkekani huku nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama. Nilipoamka asubuhi, basi lake lilikuwa limeshapita Kidahwe. Nililia mpaka nikatapika. Mama alitaka kunimalizia mistari iliyobaki, nikakataa kwa wiki mbili nzima, nikaenda shule hivyohivyo na kuchekwa.

Tangu siku ile Mwajuma hakurudi tena kuishi nyumbani. Alikuja likizo, halafu alikuja kutembea, halafu akaolewa Mwanza akawa mgeni anayetandikiwa shuka jipya. Mama ametangulia mbele ya haki. Mimi niko Mwanga, mjini Kigoma, nina jiko la umeme, na wanangu wananiletea kutoka dukani mifuko inayong'aa ya kitu kinachoitwa granola. Nikaonja nikacheka, maana ni kile kile, ila wao wametia shayiri na bei. Sasa natengeneza mwenyewe kwa trei ya oveni. Inaiva kabla chai haijapoa, na hakuna mtoto anayetumwa popote. Najua ni nafuu kubwa. Lakini ningeyatoa yote haya nipewe mchana ule mmoja, na safari hii ningekwenda mpaka kwenye mawe.

Kila baada ya miezi michache nampelekea Mwajuma kifurushi kwa basi. Mwezi uliopita alinipigia simu akitafuna. "Imefika, mdogo wangu. Tamu! Lakini kwa nini unajisumbua hivi kila mara?"

Sijawahi kumwambia kwamba siku ile nilikuwa nawahi magoti yake. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikamjibu kwamba msimu huu karanga ni rahisi.