Siku Mama Alipopata Leseni ya Kusema Hewani

Hata leo nikipita kwenye kibanda cha fundi redio na moshi mkali wa lehemu ukanigusa pua, namwona Mama. Ameinama kwenye meza yetu ya chakula kule Ipagala, ncha ya ulimi imetokeza pembeni ya mdomo, anaunganisha nyaya.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Wanawake wenzake walinunua vitenge vya kutoka nje. Mama, mwalimu wa jiografia wa shule ya msingi, alinunua redio ya mtumba. Haikuwa ya kusikilizia taarifa ya habari. Ilikuwa ya kuzungumzia. Alikuwa amesikia kwamba duniani wapo watu wanaopiga soga hewani kwa kujifurahisha tu, na kwamba hata yeye angeweza, mradi afaulu mtihani na apewe leseni.

"Sasa utaongea na nani?" Baba alimuuliza.

"Yeyote atakayejibu."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Lakini ni yeye huyo aliyepanda juu ya bati kufunga waya wa antena, huku akilalamika kwamba mke wake anataka kuanika nguo mawinguni.

Mama alikwenda Dar es Salaam kwa treni kufanya mtihani, akarudi ameshindwa. Kwenye mtihani herufi zilitumwa kwa milio, mifupi na mirefu, nazo zilimpita kasi.

"Nimefeli, wanangu," alitutangazia mlangoni kabla hata hajavua viatu. Kisha akaomba chai.

Basi mimi nikawa mwalimu wake. Jioni alisonga ugali huku nikigonga sufuria kwa kijiko, naye akizitaja herufi kwa sauti. Akikosea, nilimkaripia kwa ukali uleule aliowakaripia wanafunzi wake. Sijui kama niliwahi kufurahia kazi nyingine kiasi kile.

Siku moja mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Chilewa, alibisha hodi. Alikuwa ameukazia macho ule waya.

"Mama Neema, majirani wanaulizana. Mnawasiliana na nani huko?"

"Shikamoo, mzee. Bado hatuwasiliani na mtu. Nasubiri leseni."

"Marahaba. Isipokuja, waya ushuke."

Mama aliitikia kwa adabu, lakini usiku ule ugali uliungua.

Aliporudi kutoka Dar mara ya pili, alishuka kwenye treni akiipunga leseni juu ya vichwa vya watu. Mzee Chilewa alikuja nyumbani, akaisoma yote, akavuta kiti, akakaa.

"Haya, tusikie."

Jumamosi alasiri sebule yetu ilifurika. Redio ilichachatika kama mafuta ya kukaangia, Mama akiita na kuita, mpaka ikatoka sauti ya mwanamume, nyembamba, kutoka Finland.

"Muulize kama kwao mvua imenyesha," Mzee Chilewa alisema upesi.

Mama akauliza kwa Kiingereza chake cha darasani, akatutafsiria: theluji ilikuwa imefika madirishani.

"Maji yote hayo!" mzee alishika kichwa. "Na sisi hapa tunabembeleza mawingu!"

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Kilipotulia, yule mtu akamuuliza Mama jina lake.

"Tabitha," Mama akasema.

"Tabitha," sauti ikarudia, polepole.

Sisi watoto tukacheka tena, maana jina lile lilikuwa geni masikioni mwetu. Nyumbani alikuwa Mama Neema, shuleni Mwalimu. Yeye hakucheka. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili, anatabasamu, macho yamelowa. Nilidhani ni woga wa kuongea na Mzungu.

Sasa nami nina mtoto, na mtaa mzima unaniita kwa jina lake. Nalipenda. Ila mara mojamoja rafiki wa zamani hunipigia simu akaniita Neema, nami hujikuta nimeacha kila kitu, nimekaa chini nimsikilize. Ndipo ninapojua Mama alisikia nini alasiri ile: mtu asiyemjua mume wake wala watoto wake alikuwa amemwita yeye mwenyewe.