Barua ya Bluu Niliyomsomea Mama

Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba yetu. Mama hakujua kusoma, na baba, gadi wa treni, alikuwa safarini siku tatu nne kila wiki. Kwa hiyo tangu nikiwa darasa la tano, kila barua iliyoingia kwetu Kaloleni niliisoma mimi, na kodi ya nyumba niliipeleka mimi ofisi ya kanjo, baraza la mji lililotupangisha. Risiti nilizitia kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati. Hakuna aliyewahi kuzikagua.

Nilipoitwa chuo kikuu kusomea udaktari, baba alitia sahihi fomu ya mkopo shingo upande. Deni aliliogopa kuliko ajali ya treni.

"Nimekuwekea sahihi," akaniambia, "lakini siku nitakayosikia fujo ya pesa, hata ya senti, hiyo shule unaiacha, unatafuta kazi ya ukarani. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Mzee yule akisema jambo halirudi nyuma, na hilo ndilo lililonitisha.

Mkopo ulilipa karo, kisha tulipewa pesa nyingine mkononi za vitabu na matumizi. Hizo za mkononi tuliziita bumu. Basi bumu likachelewa. Wiki ya kwanza tuliambiwa kesho, wiki ya pili tukaambiwa Ijumaa, na mwalimu wa anatomia hakuwa na habari na bumu la mtu. Asiye na koti jeupe na visu vyake mwenyewe haingii chumba cha kupasulia maiti. Siku mbili nilisimama nje ya ule mlango, wenzangu wako ndani. Siku ya tatu nikaingia na koti jipya na visu vipya. Nilivinunua kwa kodi ya nyumba, ambayo mama bado alinipa kila mwezi niipeleke.

Nilijiambia nimekopa tu, bumu likija narudisha. Mwezi uliofuata nikala kodi tena, nikanunua kitabu. Ujinga gani huo, jamani! Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtihani mbele yangu.

Jumamosi moja nilikuja nyumbani, na kabla sijaketi mama akachomoa karatasi ya bluu chini ya kitambaa cha meza.

"Nisomee hii. Ilipitishwa chini ya mlango."

Ilitoka kanjo. Kodi ya miezi miwili haijalipwa, na isipolipwa kwa siku saba nyumba itafungwa.

"Wanasema maji yatakatwa Jumatano," nikasema.

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Jumatano mama hakwenda sokoni. Alijaza sufuria, karai, ndoo, mpaka birika la chai. Majirani aliwaambia pia, nao wakajaza. Kumbe mfereji ulitoa maji kutwa kucha, wakamcheka mpaka basi. Jumamosi iliyofuata asubuhi alinisimulia hayo yote tukiwa mlangoni, mwenyewe akicheka, nami nikicheka naye. Bumu lilikuwa bado.

Hatujamaliza kucheka, askari wawili wa kanjo wakafika na mnyororo na kufuli. Mmoja alishika karatasi ya bluu.

Mama akaitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi. Haki ya Mungu, niliuona uso wake ukielewa.

"Miezi miwili hamjalipa, mama," askari akasema. Majirani walishajaa.

"Ni kweli," mama akajibu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Niliitumia."

Kufuli likapigwa, maji yetu yote mle ndani. Ofisi ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Mama akajifunga leso, akaenda mbio kwa wamama wa kanisa kukopa. Aliporudi na pesa kwenye fundo la leso, baba naye ndiyo anafika kutoka safari, bendera zake za kazi kwapani. Akalitazama lile kufuli.

"Nani amekula kodi?"

Nilifungua mdomo. Mama akawahi.

"Mimi. Mtoto sikumpa."

"Umeilia nini?"

"Nimeila tu."

Baba akanyoosha mkono, akazichukua zile pesa, akaenda kulipa mwenyewe. Tangu siku hiyo mama hakushika tena pesa ya nyumba ile. Hata ya unga alipimiwa, naye ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba miaka yote. Niliona aibu kuula ugali wa unga huo.

Bumu liliingia wiki mbili baadaye. Nikampelekea mama pesa sokoni awalipe wenzake wa kanisa, nikamwambia leo namweleza baba ukweli.

"Thubutu!" akasema. "Unadhani nimekula aibu hii bure? Enda ukasome."

Nikaenda nikasoma. Miaka ikapita, hasira za baba zikageuka mzaha. Siku ya sherehe yangu ya kufuzu, nyumba ikiwa imejaa wageni, alisimama akawaambia, "Jamani, mnajua huyu mama yake daktari aliwahi kula kodi tukafungiwa nje? Na maji amejaza nyumba nzima!"

Watu walicheka, na mama akacheka kuwashinda wote. Nikainuka.

"Baba, ile kodi…"

"Daktari," mama akanikata, "wageni hawana chai."

Nikachukua birika, nikaanza kuwamiminia.