Mrija wa Shaba kwenye Maji ya Chumvi

Samaki hawakuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu walipokuwa hai nilipenda kuwazungumzia kana kwamba ni wangu.

Walikuwa wa mke wangu. Alikuwa akimpikia mgeni mmoja huko ng'ambo, Bukavu, na mgeni huyo aliporudi kwao alimwachia tangi dogo la kioo, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, konokono watatu wa baharini na gunia la chumvi ya kuchanganyia maji. Mpakani, mtu wa forodha aliuliza kama samaki wale ni wa kuuza. Mke wangu akasema hapana. Akauliza kama ni wa kula. Akasema hapana. Akatuacha tupite, nadhani kwa huruma.

Nyumba yetu ya Kamembe, upande wetu wa mpaka, inatazama Ziwa Kivu. Maji yote yale, na hata ndoo moja isingewafaa, kwa kuwa walizoea maji ya bahari. Mke wangu alikinga maji ya mvua, akayachanganya na ile chumvi ndani ya beseni, akapima kwa kipimo cha kioo kinachoelea, kama wanavyopima maziwa ya ng'ombe. Sikumwona akikosea. Majirani walikuja kutazama. Mmoja wao, mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alipita kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni.

"Maman, hizi zinaliwaka?"

"Hapana. Zinaangaliwaka tu."

"Basi zinakulaka bure, kama bwana yangu."

Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu na kuunguza rezistansi, kile kijiti cha kupasha maji ya tangi. Samaki wale wanataka joto, na asubuhi za Kamembe zina baridi. Nyingine kama ile haikupatikana kwetu wala Bukavu. Mke wangu akajaza maji ya moto kwenye chupa, akazifunga, akaziacha zielee ndani ya tangi, na akawa anazibadilisha asubuhi, mchana na jioni. Kipimajoto kilibaki palepale panapotakiwa. Ilikuwa kazi nyingi, lakini samaki walikuwa wazima.

Mimi nilikuwa fundi wa firigo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikuweza kuvumilia zile chupa.

Nyuma ya firigo kuna joto linalopotea bure. Niliamua kuizungushia kompresa mrija wa shaba, kisha niuunganishe mrija huo na pampu ndogo ya tangi kwa mpira, ili maji yapite kwenye joto na kurudi kwa samaki. Katika ufundi wetu, penye joto na baridi huwekwa shaba. Mke wangu aliuliza kama mgeni aliwahi kutia shaba. Nikamwambia mgeni hakuwa fundi.

Nilifunga mtambo Jumatatu. Mchomeaji vyuma wa karakana ya jirani akaja kuona.

"Mzee, batu bote banatiaka samaki ndani ya firigo. Weye unatia firigo ndani ya samaki!"

"Angalia kipimajoto."

Akaangalia. Joto lilikuwa sawasawa. Nikawaita na wengine waje waangalie.

Jumatano konokono waliachia kioo na kuanguka chini, wote watatu. Ijumaa samaki mmoja alilala ubavu. Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, wote wawili walikuwa wakielea juu, na maji yalikuwa na joto zuri kabisa.

Nilifungua mrija. Mdomoni mwake mlikuwa na ukoga wa kijani. Mimi nilisoma sekondari. Mwalimu wa kemia alitufundisha kinachotokea shaba ikikaa katika maji ya chumvi, na kwamba kinachotoka humo ni sumu. Nilichora mchoro na nikapata alama nzuri. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua, ila nilikuwa nimejua kwa ajili ya mtihani.

Mke wangu aliuliza nimeona nini.

"Chumvi," nikasema. "Ulizidisha."

Alichukua kile kipimo cha kioo, akakiangalia kwenye mwanga, akakirudisha kabatini. Kesho yake nilimsikia akimwambia muuza sambaza, "Ni mikono yangu. Nilibaua bale samaki." Aliwaambia hivyo hivyo na majirani wengine wawili waliouliza. Nilikuwa karibu, nikikunja mrija.

Wiki tatu zilipita. Jioni moja aliniletea kijiko kutoka jikoni.

"Papa, onja. Chumvi iko sawa?"

Yalikuwa maharage. Mwanamke huyu alikuwa amepika maharage tangu kabla sijamjua. Nikaonja, nikasema iko sawa. Kesho yake akaleta kijiko tena. Siku ya tatu nilikiangalia kile kijiko, nikashindwa kufungua mdomo kwa ajili ya maharage, nikaufungua kwa jambo jingine.

"Haikuwa chumvi. Ni shaba yangu ndiyo ilibaua."

"Ulijua wakati gani?"

"Jumapili ileile."

Alirudi jikoni. Nilimsikia akitoa chungu motoni na kukifunika.

"Vaa viatu," akasema.

Tulikwenda nyumba tatu, za wale aliokuwa amejishtaki kwao. Kwenye kila mlango alisalimia, akasogea pembeni, akaniacha niseme mwenyewe. Nilisema. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya muuza sambaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kiuno, akaniuliza kama bado natengeneza firigo, kwa kuwa ya kwake haigandishi vizuri.

Mke wangu alimjibu kabla yangu.

"Anatengenezaka. Lakini usimuache peke yake."