Bomba Jembamba na Mtama wa Baba

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nimesimama kwenye kiwanja cha vumbi nje kidogo ya Mwandoya, povu la sabuni mikononi, na watu wa kwetu wakinitazama kama wanavyomtazama mchawi. Nilikuwa msichana bado, fundi wa injini za ndege, na watu hao walikuwa majirani walionilea.

Mwaka ule kweleakwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, walikuwa wameivamia Meatu. Wewe umewaona wachache wachache kwenye mpunga ukadhani unawajua. Wale walikuwa wingu. Walilala kwenye vichaka vya miiba kando ya mto, alfajiri wakainuka wote kwa pamoja, na shamba walilotua asubuhi, jioni lilikuwa mabua. Pamba hawakuigusa, lakini pamba haipikwi. Serikali ikaleta ndege ndogo ya kunyunyizia sumu. Mimi nilikuja nayo, pamoja na rubani wake, Kapteni Elia, mtu mpole wa Mbeya. Baba yangu, mzee Maduhu, alipoambiwa kwamba binti yake ndiye fundi, alichinja mbuzi na kuita ukoo mzima.

Jioni ya kwanza tulinyunyiza vizuri. Ya pili, Kapteni aliposhuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kwandu," akaniambia, "injini ilisita. Kidogo tu, nikiwa chini juu ya miti. Nimesukuma mkono wa mafuta, ikawa kama haijanisikia, kisha ikaamka."

Ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa kilichofuata. Injini ile, wanaiita turbini, haina pistoni kama trekta. Inavuta hewa, inaikandamiza, inaimwagia mafuta, na moto unawaka humo ndani bila kukoma. Mafuta yakizidi, moto unaitafuna injini yenyewe. Yakipungua, nguvu inakwisha. Kipo kifaa, ukubwa wake kama kichwa cha mbuzi, kinachoamua mafuta kiasi gani yaende motoni, nacho hujua wingi wa hewa kupitia bomba moja jembamba kama kalamu. Bomba hilo likivuja, kifaa kinadanganyika. Kinadhani hewa ni kidogo, basi kinabana mafuta. Injini haizimi, inanyong'onyea tu. Ukiwa juu sana, unao muda wa kushika mkono wa dharura na kupitisha mafuta mwenyewe, polepole. Ukiwa chini, umebeba sumu, miiba iko hapo chini ya miguu yako, muda huo hunao.

Nikapaka povu la sabuni kwenye lile bomba, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha, nikamwomba Kapteni awashe. Penye shingo ya bomba pakavimba kiputo, kikapasuka, kikavimba tena.

"Zima," nikasema. "Ndege hii hairuki."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa pale na watu wengi. Aliuliza bomba jipya litatoka wapi. Nikamwambia Dar es Salaam, kwa basi, likipatikana. Mtu mmoja akasema pale senta kuna kijana anayechomelea majembe, aitwe. Mwingine akatoa kipande cha mpira wa baiskeli mfukoni, akaninyooshea. Hakuwa na mzaha, mwanangu. Mtama wake ulikuwa umebeba masuke.

"Joto la pale litauyeyusha mpira," nikamjibu, "na chuma kile kikichomelewa ovyo kitakatika angani. Nimeshasema hairuki."

Nilisema kwa sauti ya ofisini. Sauti ile nilijifunza chuoni, na siku ile niliona inanifaa.

Baba alikuwa amekaa kando, amejiegemeza kwenye fimbo yake. Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni.

"Ng'wana Maduhu," akasema, "ndege yako imelala. Ndege wangu wako macho."

Akainuka akaenda zake.

Tulingoja. Kapteni na mimi tulilala kwenye nyumba ya wageni pale senta, tukinywa chai na kupiga simu. Nilikuwa na sababu zangu: niilinde ndege yetu, nisubiri ujumbe wa mzigo, nisije nikapitwa na basi. Kila asubuhi nilisikia madebe yakigongwa mashambani, watoto na akina mama wakipiga kelele toka juu ya madungu ya kulindia mazao, makombeo yakivuma. Nilifahamu sauti ya mama yangu katikati ya zile sauti. Ilikuwa inakauka siku hadi siku. Nikajiambia kwamba kazi yangu ni injini.

Bomba lilipofika, ndege wale walikuwa wameshahama. Nilipolifungua bomba la zamani, Kapteni akalishika ncha zote mbili, akalikunja kidogo tu. Likakatika kama bua kavu. Kisha akaniambia, "Mke wangu asingepata hata cha kuzika," na machozi yakamtoka mbele yangu bila aibu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilivichukua vile vipande viwili, nikavifunga kwenye kitambaa, nikaenda mbio hadi shambani kwa baba. Nilitaka avione. Nilitaka aseme nilikuwa na haki.

Nilimkuta amesimama katikati ya mabua. Masuke yalikuwa matupu, yamesimama wima kama nywele za mtu aliyeogopa. Nikamsalimia, "Mwadila, baba." Akaitikia kwa sauti ya chini. Nikafungua kitambaa, nikamweleza. Akavichukua, akavigeuzageuza, akanirudishia.

"Kwandu, nani alikwambia sikuamini?"

Nikavifunga tena vile vipande kwenye kitambaa.

"Tangu ile jioni nilijua unasema kweli," akaendelea. "Wewe si mtoto mwongo. Yule rubani ana mama yake, na mtama wangu haulipi damu ya mtu. Ungeniuliza, ningekuambia mwenyewe, usiirushe. Lakini umesema hairuki, ukageuka, ukaenda kunywa chai. Mama yako amepiga debe mpaka sauti imemwishia. Mdogo wako amelala juu ya dungu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe una mikono miwili. Hukuja hata asubuhi moja. Leo unaniletea chuma, nikile?"

Hakupaza sauti. Bora angepaza.

Tungewashinda wale ndege kama ningekuja? Hapana. Wingu lile lisingezuiwa na debe langu moja. Nimejipa jibu hilo mara nyingi, nalo ni la kweli, na halijawahi kunituliza. Njaa ya mwaka ule ilikula maksai wawili wa kulimia. Mdogo wangu Masanja, aliyekuwa na akili kuliko mimi, aliacha shule akaenda kwenye machimbo ya dhahabu ili nyumbani pawe na mdomo mmoja pungufu. Mwanzoni alituma salamu. Baadaye salamu zikakoma. Mpaka leo, mwanangu, hatujui kama yu hai, na kama amekufa hatujui amelala wapi. Mama alikufa akiwa anageuza shingo kila mlango unapolia.

Baba hakunirudia neno lile tena. Tulisalimiana, tulikula pamoja, alinibariki nilipoolewa. Ila hakuniuliza tena habari za kazi yangu, naye zamani alikuwa akiuliza mpaka jina la kila parafujo.

Wewe sasa unaanza kazi hapa Bariadi, na watu watakuja mbele ya meza yako kutoka Zagayu na kutoka kwetu Meatu. Siku itafika utakapolazimika kuwaambia hapana, na hapana hiyo itakuwa ya haki. Iseme. Usiilainishe kwa sababu ya macho ya watu, wala kwa sababu ya machozi ya mzazi wako. Kifaa kinachopima mafuta kikidanganywa, mtu anakufa, na ningeirudia ile hapana leo hii bila kutetemeka. Lakini ukishaisema, jua kuna mtu ameibeba kwenda nayo nyumbani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nawe hutaijua ukiwa umekaa kwenye kiti. Mfuate. Ingia shambani kwake, shika debe, piga naye kelele hata kama mnajua wote wawili kwamba haisaidii. Na usiende kwake kudai akuambie ulikuwa na haki. Mtu mwenye njaa hana deni hilo kwako.

Mungu akupe kinywa kisichoogopa na miguu isiyokaa mbali na waliolemewa. Akulinde wewe, awalinde na wale watakaoumizwa na maamuzi yako mema. Na kama Masanja wetu bado anatembea mahali fulani juu ya ardhi hii, Mungu amfikishie naye baraka hii. Nenda salama, mwanangu.